Wasomaji Wanauliza: Mji wa Pwani, Kimbunga na Mpango wa Miaka Ishirini

Barua tatu tulizozichagua kwa toleo hili zimetoka sehemu mbalimbali, lakini zote zinauliza kuhusu mpango kabambe: mpango wa muda mrefu unaosema mji utakua kuelekea wapi, ardhi ipi ijengwe na ipi iachwe, barabara na mitaro ipite wapi, na nani alipe. Anayezijibu ni mtaalamu wetu wa mipangomiji.

Barua ya kwanza

*Ndugu mwandishi, mimi ni mzee, mzaliwa wa Lindi. Kimbunga cha Aprili 1952 kilinikuta mtoto mdogo, na mpaka leo naiona minazi ya shamba la babu imelala chini, yote imeelekea upande mmoja. Tangu siku hiyo nimeishi miaka zaidi ya sabini bila kuona tena jambo la namna ile, hadi kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilichotukatia barabara ya Dar es Salaam. Sasa tunaitwa kwenye mikutano ya mpango kabambe wa miaka 20. Je, kuna haja gani ya kupanga kwa miaka yote hiyo jambo linalomfika mtu mara moja katika umri wake? Fedha hizo si zingenunua maboti na mahema?*

Shikamoo, mzee wangu. Maboti na mahema yanahitajika, wala sitaki halmashauri yoyote ya pwani iache kuyanunua. Lakini hayo ni ya siku ya kimbunga. Mpango kabambe unashughulikia ile miaka sabini uliyoitaja, miaka ambayo bahari ilikuwa tulivu na watu wakawa wanajenga. Katika miaka hiyo ya utulivu ndipo hasara ya kimbunga kijacho inapoandaliwa, kiwanja kimoja baada ya kingine, na mara nyingi hakuna aliyekusudia ubaya.

Naomba nikupeleke New Orleans, kusini mwa Marekani, kwa kuwa sijui mji mwingine ambao jambo hili limeonekana waziwazi kama pale. Sehemu kongwe za mji ule zilijengwa juu ya kingo ambazo mto Mississippi wenyewe uliziinua kwa matope yake. Nyuma ya kingo hizo kulikuwa na vinamasi, na kwa muda mrefu watu hawakujenga huko. Mwanzoni mwa karne ya ishirini zikaja pampu kubwa. Ile iliyobuniwa na mhandisi A. Baldwin Wood mwaka 1913 iliweza kuvuta maji kwa wingi ambao haukuwa umeonekana kabla. Vinamasi vikakauka, viwanja vikapimwa, nyumba zikaota. Lakini udongo wa kinamasi ukinyimwa maji hunywea na kushuka. Kadiri pampu zilivyoukausha mji, ndivyo mji ulivyozidi kuzama, na leo karibu nusu yake iko chini ya usawa wa bahari. Hakuna baraza lililokaa likaamua kwamba nusu ya mji iwe bakuli. Uamuzi huo ulijikusanya wenyewe kutokana na vibali vidogovidogo vya miaka mia moja, kila kimoja kikionekana halali siku kilipogongwa mhuri.

Wakati huohuo, matuta yaliyojengwa kuzuia mafuriko ya mto yaliyanyima mabwawa ya asili ya pwani matope mapya, na mifereji ya meli na ya mafuta ikayakatakata. Tangu miaka ya 1930 jimbo la Louisiana limepoteza karibu kilomita za mraba 5,000 za ardhi ya pwani, na mabwawa yale yalikuwa yakifanya kazi ambayo huku kwetu hufanywa na mikoko, ya kuvunja nguvu ya maji yanayosukumwa na upepo kabla hayajafika kwenye makazi. Kwa hiyo kimbunga Katrina kilipofika tarehe 29 Agosti 2005, kilikuta mji uliojishusha wenyewe na pwani iliyokwisha kuvuliwa nguo. Kuta za mifereji zilivunjika mahali pengi, maji yakafunika takriban asilimia 80 ya mji, na watu zaidi ya elfu moja wakafa. Mwaka uliofuata, kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani kilichojenga kuta hizo kilikiri kwamba usanifu wake ulikuwa na kasoro.

Yaliyofuata ndiyo ninayotamani kila afisa mipangomiji wa pwani yetu ayajue. Januari 2006, tume iliyoundwa na meya ilitoa mapendekezo ya kuujenga mji upya, na gazeti la mji likachapa ramani yake. Juu ya baadhi ya mitaa ya mabondeni kulikuwa na miduara ya kijani: hapo pangeweza kuwa bustani za wazi za kupokea maji. Tume ilipendekeza pia vibali vya ujenzi visitishwe kwa muda, hadi wakazi wathibitishe kwamba mitaa yao itarudi kuwa hai. Wakazi wenyewe wakati huo walikuwa wametawanyika Houston, Atlanta na kwingineko. Fikiria, mzee wangu, umekimbilia kwa mwanao Masasi ukiwa na nguo za mwilini tu, kisha unafunguliwa gazeti na kukuta mtaa ulimozaliwa umefunikwa kwa mduara wa kijani, na hakuna aliyekwambia utahamia wapi. Hasira iliwaka, na meya akakataa pendekezo la kusitisha vibali. Wakazi wa mtaa wa Broadmoor, mmoja wa mitaa iliyofunikwa na mduara, waliweka mabango mbele ya nyumba zao kutangaza kwamba Broadmoor ingali hai, wakaunda kamati, wakaandika mpango wao wenyewe.

Kuhusu udongo na maji, wataalamu wa tume ile walikuwa sahihi. Bondeni ni bondeni, na mduara ulichorwa mahali palipostahili kufikiriwa. Walichokosea ni kuanza na kuondoa kabla ya kusema mtu atapewa nini. Kosa hilo moja liliufanya mji uogope kuzungumzia ardhi ya chini kwa miaka mingi, na hata walio tayari kuhama kwa hiari hawakupata utaratibu mzuri wa kufuata.

Baadaye walijirekebisha. Desemba 2006 ulifanyika mkutano mkubwa wa mpango wa pamoja wa mji, wakaunganishwa kwa mitambo ya satelaiti watu waliokuwa New Orleans na waliokuwa bado uhamishoni katika miji mingine, ili wote wapige kura juu ya vipaumbele wakati mmoja. Novemba 2008 wapigakura waliamua, kwa tofauti ndogo, kubadilisha katiba ya mji ili mpango kabambe uwe na nguvu ya sheria: kanuni za matumizi ya ardhi na bajeti ya miradi lazima zilingane nao, uhakikiwe angalau kila miaka mitano, na marekebisho yasipokelewe zaidi ya mara moja kwa mwaka. Mpango wenyewe, wenye upeo wa hadi 2030, ulipitishwa mwaka 2010, na sheria mpya ya matumizi ya ardhi ikaanza kazi mwaka 2015. Yaani kutoka kimbunga hadi sheria ilipita miaka kumi. Hii ndiyo sababu mpango hauwezi kusubiri kimbunga kingine kionekane kwenye picha za hali ya hewa.

Nikurudishe kwenye barabara yako. Serikali ya Marekani ilitumia takriban dola bilioni 14.5 kuizunguka New Orleans kwa kuta, milango ya maji na pampu mpya. Kimbunga Ida kilipopiga tarehe 29 Agosti 2021, miaka 16 kamili baada ya Katrina, kuta zilisimama imara. Lakini njia zote nane kubwa zilizoingiza umeme mjini zilikatika, na wazee walikufa kwa joto katika majengo yasiyo na feni wala lifti. Mji ulikuwa umejikinga na maji, ukasahau nyaya. Hidaya nayo ilipokata barabara kati ya Somanga na Lindi, mikoa ya kusini ilibaki ikitegemea njia ndefu za kuzunguka bara. Mpango ulio kamili hutazama barabara, umeme, hospitali, soko na maji ya kunywa kama kitu kimoja. Ukienda kwenye mkutano, mzee wangu, uwaulize hilo: barabara ikikatika tena, dawa na unga vitaingia Lindi kwa njia gani? Nawe uwaelekeze mahali maji yalipofika mwaka 1952. Wanaokumbuka mnazidi kupungua, na hakuna kipimo kitakachoziba pengo lenu.

Barua ya pili

*Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi, Temeke. Mwalimu wetu alitusomesha kwamba Beira nchini Msumbiji ilikuwa na mpango kabambe wa hadi mwaka 2035, tena ulioandaliwa kwa msaada wa Waholanzi, mabingwa wa maji duniani. Hata hivyo kimbunga Idai kiliuvunja mji huo mwaka 2019. Je, mpango ulisaidia nini?*

Kijana wangu, swali lako ni zuri, ila lina haraka kidogo. Mpango ule ulikuwa na miaka michache tu Idai ilipotua usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019, na sehemu kubwa yake ilikuwa bado karatasi. Tuchambue kilichokuwa kimekwisha kufanyika.

Beira imekaa kwenye mlango wa mto Pungwe, juu ya ardhi tambarare ambayo sehemu yake iko chini ya kimo cha bahari iliyojaa. Bamvua ya pale, yaani siku za bahari kujaa na kupwa sana, ni kali: kati ya kupwa na kujaa bahari hupanda zaidi ya mita sita. Kwa hiyo maji ya mvua hayawezi kutoka mjini wakati wowote yanapotaka. Husubiri bahari ipwe. Meya wa wakati huo, Daviz Simango, ambaye kwa taaluma alikuwa mhandisi wa ujenzi, aliishughulikia hali hiyo kwa miaka mingi. Kabla ya Idai mifereji mikuu kadhaa ilikarabatiwa na kuwekewa milango ya maji inayofungwa bahari inapojaa na kufunguliwa inapokupwa, na mto mdogo wa Chiveve unaopita katikati ya mji ulizibuliwa na kingo zake kupandwa mikoko. Maeneo yaliyohudumiwa na kazi hiyo yalikauka mapema kuliko mengine. Hapo mpango ulisaidia.

Ulichokosa ni paa. Upepo wa zaidi ya kilomita 160 kwa saa uling'oa mabati ya nyumba, ya shule na ya hospitali kuu, na mfereji hata uwe mzuri namna gani hauwezi kushika bati. Kanuni ya namna paa linavyofungwa kwenye kuta, umbali kati ya misumari, unene wa bati na ukaguzi wa fundi ni mambo madogo yanayowachosha wapangaji wa miji, lakini katika mji wa vimbunga yana uzito sawa na ukuta wa bahari. Wewe unayesomea uhandisi ungeweza kulifanya hilo kuwa kazi ya maisha yako.

Kuna jambo la pili ambalo wavuvi wetu watalielewa kuliko watu wa ofisini. Idai ilifika wakati wa maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana. Ingefika wiki moja baadaye, ingekutana na bamvua ya mwezi mpevu, na bahari ingeingia mjini kwa kimo kikubwa zaidi. Watu zaidi ya 600 walikufa nchini Msumbiji, wengi wao katika mabonde ya mito, na maafa hayo makubwa yalitokea huku bahari ikiwa imejizuia. Kwa hiyo atakayeupanga mji wa pwani kwa kutazama tu alama ya maji ya mwaka 2019 atakuwa ameupanga kwa siku ya bahati.

Kando kidogo ya Beira ndipo ilipokuwa Sofala ya kale, bandari ya dhahabu iliyofungamana na Kilwa. Ngome ambayo Wareno waliijenga pale mwaka 1505 imemezwa na bahari. Na mtaa wa Beira wa ufukweni unaitwa Macuti, neno lilelile letu la makuti. Nayataja haya kwa sababu tumezoea kuyaona ya Msumbiji kama habari za ng'ambo, ilhali ni pwani moja, na bahari inayoila ni moja. Aprili 2019, wiki chache baada ya Idai, kimbunga Kenneth kilipiga Cabo Delgado, ng'ambo tu ya mto Ruvuma, na watu wa Mtwara wakaambiwa wahame kwenda mahali salama. Mwaka 1872 kimbunga kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Haya si mambo mageni kwetu.

Barua ya tatu

*Mwandishi, mimi ni mama wa watoto wanne. Tunaishi Dar es Salaam bondeni, katika nyumba aliyotuachia marehemu baba. Hatuna hatimiliki, tuna karatasi ya mauziano ya mwaka 1987 iliyosainiwa na mjumbe. Tumetangaziwa mkutano wa mpango mpya, na majirani wanasema tutaondolewa. Niulize nini?*

Dada yangu, pole kwa mashaka hayo. Barua yako nimeirudia mara kadhaa, kwa sababu miaka iliyopita nilishika mwenyewe kalamu ya kuchorea. Ilikuwa katika mji mmoja wa pwani. Tulitandaza ramani mezani, pembe zake tumezigandamiza kwa mawe ili upepo usiipeperushe, nami nikawa naonyesha kwa kidole eneo la kuachwa wazi. Mama mmoja aliinama akatazama, kisha akaniambia kwa upole: "Mwanangu, hapo ulipoweka kidole ni jikoni kwangu." Sikuwa na jibu la wapi jiko lile lingehamia, kwani katika mpango wetu wote hapakuwa na ukurasa wa jambo hilo. Kwa hiyo swali lako la kwanza liwe hilo: ukurasa wa watu wanaohama uko wapi? Uuombe uusome. Unapaswa kutaja kiwanja, umbali wake kutoka mahali mnapofanyia kazi, shule, maji, nauli, na tarehe. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua watu zaidi ya 40 hapo Dar es Salaam, familia zilipewa viwanja Mabwepande, mbali na katikati ya jiji. Kiwanja ni kitu cha maana, lakini mtu anayeuza samaki Feri alfajiri hawezi kula kiwanja.

La pili ni hiyo karatasi ya 1987. Baada ya Katrina, jimbo la Louisiana liliwalipa wenye nyumba, wakiwemo wa New Orleans, fedha za kujenga upya kwa kulinganisha thamani ya nyumba kabla ya kimbunga na gharama ya kuitengeneza, kisha likatoa kiasi kilicho kidogo kati ya viwili hivyo. Katika mitaa ya watu weusi nyumba zilithaminiwa kwa bei ya chini ingawa mbao na misumari zilikuwa na bei ileile mji mzima, kwa hiyo wao walipata pungufu. Shauri lilipelekwa mahakamani, likamalizika kwa makubaliano ya malipo mwaka 2011. Na wako waliokosa au kucheleweshwa kabisa kwa sababu nyumba ilikuwa bado kwa jina la babu aliyefariki, warithi ni wengi, na hakuna aliyekuwa na karatasi ya kuthibitisha umiliki. Ndiyo hali yako, dada. Kaeni kikao cha ukoo, mwandike muhtasari, mwende Mahakama ya Mwanzo mkaombe imteue msimamizi wa mirathi sasa, kabla tathmini haijafika mtaani. Mtathmini hawezi kumwandika marehemu kwenye fomu ya malipo.

Uulize pia fidia itathaminiwa kwa kanuni gani: bei ya kibanda kilichopo au gharama ya kujenga nyumba nyingine mahali pasipofurika? Tofauti ya viwili hivyo ndiyo itakayoamua kama mtahama kweli au mtarudi bondeni baada ya mwaka mmoja kwa mlango wa nyuma.

Kuhusu kuondolewa, sitakudanganya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ufukwe wa bahari, na Dar es Salaam imeshuhudia mipango kabambe ya 1949, 1968 na 1979 huku mabonde yakiendelea kujaa watu. Mto Msimbazi sasa una mradi mkubwa unaokusudia kupanua njia ya maji, kuinua baadhi ya maeneo na kuacha mengine kuwa bustani. Ikiwa nyumba yako iko ndani ya njia hiyo ya maji, ushauri wangu wa kweli ni kwamba muhame, kwa sababu nawapenda watoto wako wanne kuliko kuta zile. Ikiwa iko nje yake, mpango una wajibu wa kusema hivyo kwa maandishi, na kukuwekea mtaro. Usikubali kujibiwa kwa ile ramani kubwa ya jiji ambayo unene wa mstari wake mmoja unafunika nyumba ishirini. Omba mchoro wa kina wa mtaa wako, na hakikisha swali lako na jibu lake vimeandikwa kwenye muhtasari wa mkutano.

Jambo la mwisho. Umesema kwenye barua yako, sehemu ambayo sikuichapa yote, kwamba ukutani mwa chumba cha watoto bado kuna mstari wa matope ya mafuriko yaliyopita, na kwamba unaona haya wageni wakiuona. Usiupake rangi kwanza. Mwombe mpima wa mradi aje na kifaa chake, aupime kimo chake, na akuonyeshe namba hiyo ikiingia kwenye ramani.